Mtoto Akiitwa Chuo Kigumu

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama, kwa niaba ya halmashauri, katika mkutano mkuu wa mwaka, Kehancha)



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo wazazi hulileta kwetu kila mwaka matokeo ya mtihani yatokapo. Jambo lenyewe ni hili: mtoto wa hapa kwetu akifaulu vizuri mtihani wa mwisho wa sekondari, akaitwa katika chuo kikuu kinachojulikana kwa ugumu wa masomo yake, je, yafaa aende, au yafaa achague chuo kilicho karibu na nyumbani na chenye masomo mepesi kidogo? Wazazi hutujia wakitaka jibu la neno moja. Jibu la neno moja halipo. Lakini iko njia ya kulitafuta jibu, na njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kisha tulete pendekezo mbele ya mkutano huu, mlikubali au mlikatae.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba swali hili si geni katika nchi zetu. Chuo cha Makerere kule Kampala kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 kikafungamana na Chuo Kikuu cha London, na tangu hapo wanafunzi wake wakapimwa kwa kipimo cha London na kupewa shahada za London. Katika miaka ya 1950 kijana wa Nyanza Kusini aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikuwa na karibu mlango mmoja tu, nao ni Makerere. Nairobi chuo cha ufundi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, lakini hakikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kamili mpaka mwaka 1970. Mlango wa Makerere ulikuwa mwembamba, na mtihani wa kuuingia ulikuwa mkali.

Ndipo yakatokea mabishano ambayo wazee waliokuwa vijana wakati ule huenda wanayakumbuka. Septemba 1959 ndege iliyochukua wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga katika Homa Bay, pamoja na wenzake wa hapa na marafiki wa kule. Ndege nyingine zikafuata. Maofisa wa Serikali ya kikoloni walinung'unika, wakisema kwamba vyuo vingi vya Marekani walivyokwenda vijana hao havikufikia daraja ya Makerere. Waliounga mkono safari zile walijibu kwamba nchi inayokaribia kujitawala haiwezi kukaa ikingoja kwenye mlango mmoja mwembamba. Hawa walisema chuo bora ndicho kinachofaa, na wale wakasema nafasi nyingi ndizo zinazofaa.

Je, miaka ilisema nini? Ilisema kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya kweli. Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere katika miaka hiyo ya 1950, akapata shahada ya daraja la kwanza, akaendelea London, na baadaye akawa Rais wa Kenya tangu mwaka 2002 hadi 2013. Huyu alipita kwenye mlango mwembamba. Wangari Maathai naye alikwenda Marekani mwaka 1960, akaingia chuo kidogo cha wasichana kilichoongozwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto, katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Watu wengi wa Nairobi hawakupata kulisikia jina la chuo hicho. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1964, akaendelea na masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kisha mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuifikia. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Basi mmoja alianza na chuo cha sifa, na mwingine alianza na chuo kisicho na sifa, na wote wawili nchi iliwatambua. Jina la chuo silo lililomaliza kazi.

Uko mfano wa tatu, nao ni wa pande zetu hizi za ziwa. Barack Obama mzee, baba wa Rais wa 44 wa Marekani, alisoma Maseno, na mwaka 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Alipohitimu mwaka 1962 alikuwa na nafasi mbili mbele yake. Chuo kimoja cha New York kilikuwa tayari kumlipia karo na matumizi ya kutosha yeye na mkewe na mtoto wao mchanga. Chuo cha Harvard, chenye sifa kubwa zaidi, kilikuwa tayari kumlipia karo peke yake. Alichagua Harvard, akaenda peke yake. Hayo yamesimuliwa na mwanawe katika kitabu chake. Mwaka 1964 mzee huyo alirudi Kenya kabla ya kumaliza udaktari, naye akatumika akiwa mchumi wa Serikali. Mwaka 1965 makala yake ya kuikosoa sera ya uchumi ya Serikali ilichapishwa katika jarida la East Africa Journal, na wasomi wangali wakiitaja hata leo. Akili, basi, haikumpungukia.

Hatumhukumu marehemu. Twatazama hesabu ya siku ile tu. Katika mizani, upande mmoja palikuwa na jina la chuo, na upande wa pili palikuwa na matunzo ya jamaa. Mizani hiyo ndiyo ingali mbele ya wazazi wa Bukira, Bugumbe, Nyabasi na Bwirege, ingawa safari ya mtoto ni ya kwenda Nairobi tu wala si ng'ambo ya bahari.

Sasa tuje katika mambo ya leo. Mambo yamebadilika sana. Zamani mzazi aliuliza, 'Mwanangu atapata nafasi?' Siku hizi mwanafunzi aliyepata wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE aweza kuomba nafasi ya shahada, na vyuo ni vingi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na baada yake vikafuata vingine vingi. Maseno kiko, Kisii kiko, na Rongo, katika kaunti yetu hii ya Migori, kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kwa hiyo swali la leo ni, 'Achague kipi?' Na uchaguzi huu hufanywa kwa siku chache tu, kwa kubonyeza tarakimu za masomo katika simu au katika duka la intaneti, mara nyingi mzazi akiwa shambani, wala hana habari. Jambo la miaka minne, mitano au sita huamuliwa kwa nusu saa, na pengine mshauri wa pekee ni kijana mwenye duka.

Yafaa pia tuseme wazi maana ya chuo kigumu, maana wengi hulitumia neno hili pasipo kulipima. Ugumu wa kwanza ni mwendo. Mambo yaliyofundishwa sekondari kwa muhula mzima, chuoni hupita kwa majuma machache, na mwalimu hangoji aliyebaki nyuma. Ugumu wa pili ni wenzake. Mtoto aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hapa Kuria hukaa darasani pamoja na mamia ya watoto ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Yule aliyezoea kuwa wa kwanza ajikuta wa mia na ishirini. Hakuwa mjinga kwa usiku mmoja; ni kipimo tu kilichobadilika. Ugumu wa tatu ni upweke. Hakuna kengele ya kumwamsha, hakuna mwalimu wa zamu, wala hakuna atakayemwuliza kwa nini hakuja darasani.

Hapa twaomba wazazi wajifunze jambo moja la hesabu, kwa sababu kutolijua kumeleta ugomvi katika nyumba. Katika vyuo vyetu vingi alama 70 kwa 100 ndiyo A. Alama 60 ni B, na 50 ni C. Alama ya kupita katika masomo mengi ni 40, na katika utabibu ni 50. Mzazi aliyezoea kuona 85 katika karatasi ya shule, akionyeshwa 58 ya mwaka wa kwanza, hudhani mtoto ameingia katika ulevi. Huenda mtoto huyo amefanya kazi kubwa kuliko alivyopata kufanya maishani mwake. Na yule aliyeanguka somo moja hajafukuzwa. Uko mtihani wa marudio, na wengi hupita kwa njia hiyo wakaendelea mpaka mwisho. Ajuaye haya humwandikia mwanawe maneno ya kumtia moyo. Asiyejua humpigia simu ya matusi, na baada ya hapo mtoto hufunga kinywa, asiseme tena.

Jambo la pili ni fedha. Kuitwa chuoni si kulipiwa kila kitu. Iko Bodi ya Mikopo ya HELB, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1995, na fedha zake ni deni la kulipwa baadaye. Mwaka 2023 Serikali ilileta utaratibu mpya, wa kumpa kila mwanafunzi msaada na mkopo kwa kadiri ya uwezo wa nyumba yake, na sehemu iliyosalia ikawa juu ya jamaa. Utaratibu huo ulipingwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa hukumu dhidi yake, kisha shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mzazi asitegemee hesabu aliyosimuliwa na jirani yake aliyesomesha miaka mitano iliyopita. Na aisome barua ya mwanawe mwenyewe, ya mwaka wake, mpaka mstari wa mwisho.

Tena muda wa masomo haulingani. Ualimu ni miaka minne, na sheria vilevile. Uhandisi ni mitano. Utabibu ni sita. Nyumba zetu nyingi hupata fedha kwa tumbaku, kwa mahindi, au kwa kuuza ng'ombe. Tumbaku hulipa kwa msimu, lakini chakula na chumba cha Nairobi hulipiwa kila mwezi. Ng'ombe wa kwanza huuzwa kwa furaha, na wa pili kwa subira. Ifikapo mwaka wa tatu, zizi ni dogo, wadogo zake nao wako sekondari, na sherehe ya kumwaga imekwisha kusahauliwa. Huko ndiko wengi huanza kuyumba, na si kwa uzito wa vitabu. Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwetu sisi kuingia chuo kigumu ndiko kupanda. Miiba iko katika mwaka wa pili na wa tatu.

Basi, ndugu wanachama, twaona kwamba maswali ya kuulizwa ni manne.

Swali la kwanza: je, mtoto aitaka kazi yenyewe, au alitaka jina lake? Wako vijana wanaosema 'udaktari' kwa sababu alama zao zaruhusu, na kwa sababu kijiji kizima kimekwisha kuwaita 'daktari' kabla hawajaondoka. Kijana wa namna hii apelekwe kwanza katika hospitali yetu hapa Kehancha, akae na wauguzi siku mbili tatu kwa ruhusa yao, aone vidonda, aone msongamano, aone usiku wa zamu. Akirudi akasema bado ataka, basi ataka kweli. Akirudi kimya, tusimlazimishe. Masomo magumu hayavumiliki kwa ajili ya sifa za watu wengine.

Swali la pili: je, msingi wake watosha? Hapa tusitazame wastani peke yake. Mtoto aweza kupata wastani mzuri kwa nguvu za historia na dini, na huku hisabati yake ni dhaifu. Akienda kusoma uhandisi, atajenga nyumba juu ya nguzo iliyo mbovu. Tutazame alama ya masomo yale yatakayomfuata chuoni, kisha tuwaulize walimu wake, maana wao wanajua kama alifaulu kwa kuelewa au kwa kukariri. Ikiwa msingi una ufa mdogo, iko miezi kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo. Miezi hiyo aitumie kujisomea, asiimalize kwa kuzunguka sokoni akipongezwa.

Swali la tatu: fedha za mwaka wa tatu zitatoka wapi? Hatuulizi za mwaka wa kwanza, maana hizo kwa kawaida hupatikana. Mzazi akae na karatasi, aandike miaka yote mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila mwaka aandike ng'ombe, au shamba, au mkopo, au jina la jamaa aliyeahidi. Penye nafasi tupu ndipo penye hatari.

Swali la nne: siku atakapoanguka, atamwambia nani? Kila anayefuga anajua kwamba maksai mchanga hafungwi nira peke yake. Hufungwa pamoja na maksai mzoefu, ajue mstari wa jembe. Mtoto anayeondoka Kehancha kwenda Nairobi bila kumjua mtu hata mmoja aliyekwisha kupita njia ile, amefungwa nira peke yake. Awe na ndugu mmoja wa mwaka wa juu huko chuoni, na awe na mtu mzima mmoja hapa nyumbani ambaye si baba yake, ambaye aweza kumwambia, 'Nimeanguka,' bila kuogopa.

Twaomba mtazame maswali haya yalivyogawanyika. Mawili ya kwanza, yaani kutaka kwake na msingi wake, ni ya mtoto mwenyewe. Likikosekana mojawapo la haya, tumshauri achague somo jingine au chuo kingine, wala pasiwe na aibu yoyote. Chuo cha karibu si adhabu. Mwalimu mzuri wa hisabati aliyesomea Rongo, akarudi kufundisha Kuria, ana faida kwetu kuliko mhandisi aliyeacha masomo njiani. Lakini maswali mawili ya mwisho, la fedha na la msaidizi, hayo si ya mtoto. Ni yetu sisi. Haifai kumwambia mtoto mwenye nia na mwenye msingi, 'Usiende, pale pazito,' hali uzito tunaousema ni wa mifuko yetu na wa ukimya wetu. Tukisema hivyo tumemtwisha yeye upungufu wetu, naye ataubeba maisha yake yote akidhani ni wa akili yake.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mabinti, na tunalisema kwa heshima mbele ya wazee. Binti akiitwa mbali, maswali haya manne hayaulizwi. Huulizwa swali la tano, 'Ataolewa lini?' Mwingine hata hafiki hapo, kwa kuwa msimu wa tohara humkuta angali shuleni, na baada yake huja habari za mahari. Sheria ya mwaka 2011 imekataza kukeketa, na wazee kadhaa wa Kuria wamesimama hadharani kulipinga jambo hilo. Twawaomba waendelee. Lakini hata binti aliyepita salama, akapata alama za kwenda chuo kigumu, husikia kwamba cha karibu chamtosha kwa sababu ni msichana. Kama cha karibu chamtosha kwa sababu ya somo alitakalo, ni vema. Kama ni kwa sababu ya usichana wake tu, hiyo si sababu. Yule aliyekwenda Kansas mwaka 1960 alikuwa binti wa kijiji cha Nyeri, kijiji cha wakulima kama vyetu.

Tunajua yapo maneno ya kutupinga, nayo ni ya haki kusikilizwa.

Wako wasemao kwamba fedha za mtoto mmoja wa utabibu kwa miaka sita zaweza kusomesha wawili katika vyuo vya karibu. Ni kweli, na chama cha watu wa kawaida hakiwezi kujifanya hakikuiona hesabu hiyo. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba anayekwenda chuo kigumu apewe fungu kubwa kuliko mwenzake. Fungu liwe sawa. Lakini atakayehitaji zaidi akopeshwe na chama, kwa mkataba uliotiwa sahihi na mzazi na mdhamini, arudishe apatapo kazi, na fedha hizo zimsaidie anayemfuata.

Wako pia wasemao kwamba wanaokwenda mbali hawarudi. Na hili lina ukweli wake. Lakini tujiulize: mtoto arudi kwa nani? Yule aliyeagwa kwa ngoma, kisha akakaa miaka minne asipigiwe simu na mtu yeyote wa kwao isipokuwa siku ya kuombwa mchango, ana deni gani la kurudi? Umbali wa kutoka Nairobi mpaka hapa ni safari ya siku moja, na huo si umbali wa kumpoteza mtu. Anayekumbukwa katika shida ndiye atakayeikumbuka njia ya nyumbani.

Wa tatu ni wale wasemao kwamba mtoto mwerevu hahitaji haya yote, atajitafutia mwenyewe. Tunawajibu kwamba wengine wamejitafutia na wakafika, nasi twawaheshimu. Lakini chama hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya wale wanaoweza peke yao. Kilianzishwa kwa sababu watu waliona kwamba mgonjwa, mjane na mwanafunzi hawapaswi kuachwa wajitafutie.

Baada ya kusema hayo, halmashauri inaleta mapendekezo manne.

La kwanza, msaada wa chama kwa mwanafunzi wa chuo usitolewe wote siku ya kuagwa. Desturi ya nchi hii ni harambee kubwa siku ya kuondoka, na baadaye kimya. Tunapendekeza kwamba robo ya fungu itolewe siku ya kuondoka, na robo tatu zigawanywe kwa miaka iliyosalia ya masomo yake, mpaka mwaka wa mwisho.

La pili, kila mwaka mwanafunzi alete karatasi ya matokeo kabla ya kupewa fungu la mwaka huo, yawe mema au mabaya. Matokeo mabaya yasiwe sababu ya kukatiwa msaada palepale. Yawe sababu ya wajumbe wawili kuzungumza naye na kujua ni nini. Tukimkatia anayeonyesha alama mbaya, wote watajifunza kuzificha, nasi tutabaki tukilipa gizani. Mwenye kuacha masomo kwa hiari, au mwenye kukataa kuonyesha karatasi, huyo ndiye fungu lake lisimame.

La tatu, kila mwanafunzi apewe mlezi mmoja miongoni mwa wanachama, mwanamume au mwanamke, atakayempigia simu angalau mara moja kwa mwezi. Mlezi huyo asizungumze naye habari za fedha wala za alama kwanza. Amwulize anakula nini, analala wapi, na ana rafiki gani. Tena halmashauri iweke daftari la majina ya watu wa Kuria waliomaliza au wanaosoma katika kila chuo, ili anayeondoka apewe jina la mwenzake wa mbele kabla hajapanda gari.

La nne, tuwaage kwa sherehe moja, siku moja, wote walioitwa vyuo, anayekwenda Nairobi na anayekwenda Rongo, wa shahada na wa chuo cha ufundi, mvulana na msichana. Tukimwaga mmoja kwa ngoma na mwingine kwa kupungiwa mkono tu, tumewafundisha wadogo zao kuchagua kwa kutazama ngoma. Ndipo mtoto asiyetaka utabibu huuchagua utabibu, naye huenda akaumia na hana wa kumwambia.

Ndugu wanachama, mwaka huu wako watoto wetu wanaongoja jibu. Barua zao zimekwisha kufika, na wengine wameambiwa na jamaa zao wasizikubali mpaka mkutano huu umalizike. Hawakungoja mkutano uwaambie kama wana akili; hilo mtihani umekwisha kulisema. Wanangoja kujua kama watu wao watakuwa nao mpaka mwaka wa mwisho. Tukiyakubali mapendekezo haya, twaweza kuwajibu bila kuwadanganya. Tukiyakataa, basi tuwaambie ukweli mapema, wachague kwa kujua kwamba watakwenda peke yao.

Haba na haba hujaza kibaba. Chama hiki hakina mali nyingi, na daftari la mweka hazina, mtakalolisoma katika kurasa zinazofuata, litawaonyesha hivyo. Lakini simu moja kwa mwezi haihitaji mali nyingi, na kugawa fungu kwa miaka hakuongezi hata shilingi moja juu ya mchango wa mwanachama. Kunahitaji kukumbuka tu.

Kwa niaba ya halmashauri, tunayaweka mapendekezo haya mikononi mwenu, Bwana Mwenyekiti, tukiomba yajadiliwe na yapigiwe kura kabla ya kufunga mkutano.